Dereva Hukimbia, Mimi Nilibaki

Mliokuwa nami wiki jana katika gazeti hili mnakumbuka mliniacha wapi. Nilikuwa ndani ya lori la kabeji, nimevaa gauni la kuazima, tunatoka Kisumu kwenda Bondo kwa baba yangu. Dishon ndiye alikuwa dereva. Dishon huyohuyo ndiye alikuwa mchumba wangu.

Alikuwa wa tatu.

Kwa wasiojua, wa kwanza alifika mpaka langoni kwa baba, akaona mbwa, akarudi Kisumu kwa miguu. Wa pili aliingia, akala jogoo mzima, akaomba kwenda msalani, na mpaka leo hajatoka.

Baada ya huyo wa pili, baba aliniita.

"Beldina, nimebaki na jogoo mmoja," akasema. "Nitamchinja Jumamosi. Lete huyo mtu wako kabla jua halijazama. Asipofika, nitamla jogoo mwenyewe, na maneno ya mume hatutayasikia tena katika boma hili."

Baba yangu hana mzaha na jogoo.

Jumamosi yenyewe ndiyo hii ninayosimulia. Mwaka ulikuwa 1987. Leo nitawaambia kilicholeta ajali iliyotupata njiani, jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama.

Tulipofika njia panda ya Kisian tukakata kushoto, tukashika barabara ya Bondo. Hapo Dishon akaanza kutoka jasho.

"Baba yako anasalimiwaje?"

"Kwa mikono miwili," nikasema. "Na unainama kidogo."

"Hivi?" Akanyoosha mkono mmoja.

"Hapana. Miwili."

"Hivi?"

Akaachia usukani. Akanyoosha mikono yote miwili, akainama mbele ya kioo, akasema kwa heshima kubwa, "Misawa, baba."

Ilikuwa salamu nzuri sana. Ningekuwa baba, ningemkubali palepale.

Lori nalo likainama. Liliacha barabara polepole, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya sadaka, likashuka mtaroni, likaangusha ua wa mkonge wa mtu, likasimama. Kabeji zikaanza kuteremka moja moja.

"Uko sawa?" Dishon akaniuliza.

"Niko..."

Alikuwa ameshaondoka.

Hapa lazima nieleze kitu. Dishon alikuwa amenifundisha mara nyingi mambo ya kufanya baada ya ajali. Alisema ni mambo mawili tu. La kwanza, kimbia. La pili, usikimbie kuelekea kituo cha polisi. Alisema kila dereva wa barabara ile anajua hivyo, kwa sababu watu hupiga kwanza, halafu ndipo wanauliza aliyekuwa akiendesha ni nani.

Kwa hiyo sikumlaumu. Nilimwona akikata mahindi ya watu, shati jeupe likionekana na kupotea, likionekana na kupotea. Kwa mazoea alikuwa amechomoa ufunguo, akautia mfuko wa nyuma. Koti la suti aliloazima kwa ajili ya baba lilibaki likining'inia nyuma ya kiti.

Mlango wa upande wangu ulikuwa umekabwa na ukingo wa mtaro. Nikasogea kwenye kiti cha dereva ili nitokee upande wake. Kiti kilikuwa kimeinama. Nikashika usukani nisianguke.

Watu wa Kisian wakanikuta hivyo hivyo.

Wa kwanza kufika walikuwa wanawake wauza samaki, maana meza zao ziko pale njia panda. Mbele yao alikuwa Mama Awuor, mwenyekiti wao, mwanamke mwenye mwili wa kutosha na sauti ya kuzidi. Mkononi alikuwa bado ameshika ngege mmoja mkubwa, aliyekuwa akimuuza ajali ilipotokea.

"Nyathina! Mtoto wangu! Umeumia?"

"Hapana, mama," nikasema.

"Anasema nini?" wa nyuma wakauliza.

"Hata sijasikia. Mpeni maji ya sukari."

"Msimpe maji! Mtu wa ajali akinywa maji anakufa."

"Hiyo ni mtu wa kupigwa na stima."

"Stima, lori, yote si ajali?"

"Mlazeni chini."

"Msimlaze! Akilala mtamwamsha na nini?"

Wakanishusha, wakanikalisha, wakanisimamisha, wakanikalisha tena. Wengine wakakata matawi wakayaweka barabarani ili magari yajue kuna shida. Wengine wakaanza kuokota kabeji. Wale wa kuokota kabeji walikuwa wengi kuliko wa matawi.

"Na dereva ako wapi?" mzee mmoja akauliza. Alikuwa na fimbo, na alikuwa ameishika vibaya.

Nikanyamaza. Mimi nikinyamaza, huwa nanyamaza vizuri.

Ndipo akaja Konstebo Walubengo kwa baiskeli. Alikuwa zamu pale njia panda. Akaegemeza baiskeli, akatoa daftari, akazunguka lori mara mbili, akanitazama, akatazama mlango wa dereva ulio wazi.

"Huyu mlimkuta wapi?"

"Hapo juu, ameshika usukani," akasema Mama Awuor.

Konstebo akatikisa kichwa taratibu, kama daktari.

"Miaka kumi na minne niko barabara hii," akasema. "Ajali ya malori nimeandika mpaka nimechoka. Sijawahi hata siku moja kukuta dereva karibu na lori yake. Wanaume wote hukimbia. Sasa huyu amebaki. Kwa nini amebaki?"

Akainua kalamu juu.

"Amebaki kwa sababu ni mwanamke, na hakuna mtu alimwambia dereva hukimbia."

Watu wote wakasema, "Aaa!"

Mzee akashusha fimbo. Alikuwa hajui kama dereva mwanamke anapigwa au anafanywaje.

"Yawa!" Mama Awuor akapiga kelele. "Dereva ni msichana! Wanawake wa Kisian, mnasikia? Tangu ule mkutano mkubwa wa wanawake Nairobi mwaka juzi, tumekaa hapa tunangoja maendeleo yafike. Yamefika!"

"Yamefika mtaroni," mzee akasema.

"Hata yakifika mtaroni, yamefika!"

Vigelegele vikapigwa. Mtu akaleta kiti. Mwingine akaleta soda, tena ya baridi. Mama mmoja akanifunga leso yake kiunoni. Wakaanza kuniita Nyar Lori, yaani binti wa lori, na kabla sijamaliza soda wimbo ulikuwa umeshapatikana na watu wanaucheza.

Mzee hakuridhika. "Huyu? Hata sauti hana. Honi atapigaje?"

"Wewe sauti unayo," akasema Mama Awuor. "Na zaidi ya sauti una nini?"

Wakacheka mpaka mzee akaenda kuokota kabeji.

Konstebo akaniinamia. "Binti, nataka kusikia kwako. Wewe ndiye dereva?"

Sasa mniambie nyinyi, mngefanya nini?

Nikimtaja Dishon, wataingia kwenye yale mahindi, watamtoa kwa masikio, leseni itakwenda, na jioni hii atalala ndani. Baba atakula jogoo peke yake, na mimi nitazeekea jikoni kwa mama. Nikisema ni mimi, nilifikiri, konstebo ataandika, ataniambia pole, ataenda zake. Dishon atarudi, tutafika Bondo jua likiwa bado juu.

Nikaitikia kwa kichwa. Kidogo tu. Lakini kuitikia ni kuitikia.

"Vizuri. Jina?"

"Beldina."

"Umesoma?"

"Mpaka la sita."

"Leseni?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Imebaki nyumbani," akasema Mama Awuor.

"Umeanza kuendesha lini?"

"Zamani," akasema Mama Awuor.

"Nani alikufundisha?"

"Mungu."

"Mama, wacha dereva ajibu."

"Si amegongwa na ajali? Wewe ukigongwa utajibu? Andika Mungu."

Akaandika.

"Na ufunguo ya lori?"

Nikatazama viatu tena.

"Umerushwa na ajali," akasema Mama Awuor. "Utatafutwa."

Konstebo akafunga daftari. Nikaanza kushukuru moyoni. Akilini nikamwona baba akinoa kisu.

"Basi," akasema Konstebo. "Watu wa nguvu watasukuma lori mpaka barabarani. Lori itaenda kituoni Kisumu ikaguliwe, na dereva ataenda na lori. Atalala huko. Jumatatu ni korti."

Soda ikanipalia.

Kisumu! Bondo ilikuwa mbele na Kisumu ilikuwa nyuma, na jua lilikuwa limeanza kuegemea. Nikaweka soda chini.

"Lakini ningependa shahidi," Konstebo akaendelea. "Mtu aliyeona kwa macho."

Wakati huohuo zikasikika kelele upande wa pili wa lori.

"Mwizi! Mwizi wa kabeji!"

Wanawake wawili wakamleta mtu wamemshika shati. Shati jeupe. Mkononi alikuwa ameshika koti la suti.

Alikuwa Dishon. Amerudi kuchukua koti.

"Mimi si mwizi!" akasema. "Mimi ni mpita njia. Ni mwalimu. Naitwa Mwalimu Bildad, natoka Maseno. Niliangusha koti langu hapa wakati nakuja kusaidia, kwa sababu niliona ajali yote."

"Uliona?" Konstebo akafungua daftari. "Karibu, mwalimu! Mpeni mwalimu kiti."

Kiti kilikuwa kimoja. Nikasimama, Dishon akakaa.

Akanikonyeza. Moyo wangu ukatulia. Nikajua amekuja kuniokoa. Dishon ana maneno, atasema lori lilikwepa mbuzi, konstebo ataelewa, na sote tutaenda zetu. Nikajisikia vibaya kwa kuwa nilikuwa nimeanza kumtilia shaka.

"Mwalimu, uliona nini?"

"Niliona lori inakuja, afande. Mwendo! Mwendo mbaya sana."

Nilidhani sikusikia sawasawa. Baiskeli ilikuwa imetupita njiani kule Otonglo, tena ilibeba mtu na godoro.

"Halafu?"

"Halafu huyu dereva akaachia usukani. Mikono yote miwili, afande. Kwa macho yangu."

"Mikono miwili?"

"Miwili. Akafanya hivi." Akasimama, akanyoosha mikono, akainama.

Watu wakaangua kicheko. Ninyi hamumjui Dishon, lakini mimi namjua: mtu akicheka, yeye hawezi kuacha. Akarudia. Mara ya pili aliinama zaidi. Mara ya tatu akaongeza kutoa ulimi.

"Kwa nini aliachia usukani?" Konstebo akauliza akiandika.

"Nafikiri alikuwa anajipaka mafuta ya uso. Wanawake na vioo, afande, unawajua."

Wanawake wakaacha kucheka. Wanaume wakaendelea.

"Anajipaka... mafuta... ya uso," Konstebo akaandika. Kisha akanitazama kwa huzuni. "Binti, mambo yamebadilika. Hii si ajali tena. Hii ni kuendesha kwa hatari. Hii ni miezi sita."

"Miezi sita!" watu wakasema.

"Au mwaka," akasema Dishon.

Nakiri mbele yenu kwamba mimi ni mtu wa aibu. Nikiwa sokoni naweza kuuziwa nyanya mbovu na nikasema asante. Lakini ile "au mwaka" iliingia mahali ambapo aibu haijawahi kufika.

Nikafungua mdomo niseme, Dereva ndiye huyu. Maneno yalikuja yakafika kwenye meno. Hapo tena nikamwona baba, na kile kisu, na jogoo amefungwa miguu. Nikayameza. Yakatoka mengine ambayo sikuwa nimeyapanga.

"Afande," nikasema.

Wimbo ukanyamaza. Hata wa kabeji wakageuka.

"Kumbe anaongea," akasema mzee.

"Huyu si mwalimu. Huyu ni tanboi wangu, wa kupakia na kushusha mizigo."

Dishon akacheka kidogo. "Afande, dada amegonga kichwa. Mimi ni mwalimu wa hesabu."

"Ufunguo wa lori uko kwake," nikasema. "Mfuko wa nyuma. Wa kulia."

Konstebo Walubengo akasogea karibu. Akamtazama Dishon kuanzia kichwani mpaka viatuni, akarudi juu, akakomea masikioni.

"Mwalimu wa hesabu," akasema, "mbona una grisi mpaka kwa masikio?"

"Ni... ni ya baiskeli."

"Geuka."

Dishon akageuka. Ufunguo ukatolewa. Ulikuwa umefungwa kwa kamba pamoja na kizibuo cha soda. Konstebo akauinua juu watu wote wauone.

Sitaweza kuandika yote yaliyosemwa. Mengine hayafai gazetini.

"Tanboi anakimbia, anaacha dereva wake!"

"Na anarudi kumshtaki!"

"Na kiti tulimpa!"

Mama Awuor alikuwa bado ameshika ule ngege. Alimpiga nao mgongoni mara moja, pah! Akamkagua samaki kwanza kama yuko mzima.

"Mwombe dereva wako msamaha."

"Pole," akasema Dishon.

"Pole nani?"

Dishon akanitazama. Nilimtazama.

"Pole, madam."

Tangu tufahamiane alikuwa akiniita wewe, au sasa wewe, au psst. Madam ilikuwa mara ya kwanza. Nitasema ukweli: ilinipendeza. Ilinipendeza kuliko ile soda.

"Okota kabeji," nikamwambia.

Nikakaza leso kiunoni.

"Mnasikia?" akaita Mama Awuor. "Dereva ametoa amri! Rudisheni kabeji ya mwanamke mwenzetu! Wewe, Apiyo, fungua hicho kikapu! Mzee, na hiyo iliyo ndani ya koti!"

Kabeji zikarudi. Zilirudi nyingi, nafikiri zilirudi na nyingine ambazo hazikuwa zetu. Dishon akawa anazibeba mbili mbili kupeleka nyuma ya lori, na kila akipita watu wanamwimbia.

Alipopita karibu nami akaninong'oneza. "Beldina, umenifanyia nini?"

"Nimekuokoa."

"Kwa kunifanya tanboi?"

"Tanboi hafungwi. Anayefungwa ni dereva."

Akasimama na kabeji zake mbili, akafikiri. Nilimwona akifikiri, kwa sababu midomo yake ilikuwa inatembea.

"Kwa hivyo utafungwa wewe?"

"Inaonekana."

"Aya," akasema. "Asante."

Nikangoja aongeze kitu. Akaongeza.

"Basi mimi niende Bondo peke yangu? Jogoo asiharibike."

Kwa mara ya kwanza nilijiuliza kama yule wa pili, aliyeenda msalani, alikuwa mbaya kiasi hicho.

Lakini sikuwa na nafasi ya kufikiri. Wanaume wanaopasua mawe kule mlimani walikuwa wameitwa, wakaja na kamba na mabega yao. Wanawake wakashika nyuma. Wakaimba, wakasukuma, wakapumzika, wakagombana nani hasukumi, wakasukuma tena. Lori likatoka mtaroni likiwa na mkonge kwenye meno, likasimama barabarani, uso wake ukitazama Bondo.

Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Konstebo akapakia baiskeli yake juu ya kabeji, akapangusa mikono, akanipa ufunguo.

"Dereva, panda. Geuza, twende Kisumu."

Nikautazama ule ufunguo.

Mpaka wakati huo, naapa, sikuwa nimefikiria kwamba dereva huendesha. Nilikuwa nimefikiria kuandikwa, na kufungwa, na baba. Kuendesha hakukuja akilini kabisa.

Dishon naye alikuwa ameelewa. Akaja mbio.

"Afande, afadhali mimi niendeshe. Madam amechoka."

"Wewe una leseni?"

Ilikuwa mfukoni mwake, na jina lake halisi, na picha yake. Nilimwona akiishika kwa nje ya shati. Akiitoa, Mwalimu Bildad amekwisha, na tanboi amekwisha, na atakayekwenda na lori kituoni ni yeye.

Akanitazama. Akatazama barabara ya Kisumu.

"Sina, afande," akasema.

"Tanboi ni nyuma. Panda."

Akapanda nyuma, kwenye kabeji.

Nami nikapanda mbele. Ningefanya nini? Watu mia moja walikuwa wanasubiri, na wote walikuwa wananipenda. Mimi sijawahi kupendwa na watu mia moja. Ni vigumu kuwakatalia.

Konstebo akapanda upande wa pili. Kabla hajafunga mlango, Mama Awuor akamsukuma kwa nyonga.

"Sogea. Mimi nakaa katikati."

"Mama, hii ni safari ya polisi!"

"Mwanamke anaendesha lori Kisian mara ya kwanza, na mimi nibaki nikiuza samaki? Sogea."

Akapita, akajaza pale katikati, yeye na ngege wake.

Nikatazama chini. Miguu yangu ni miwili. Pale chini kulikuwa na vitu vitatu vya kukanyaga.

Kwenye kidirisha cha nyuma ukatokea uso wa Dishon, umekunjwa kama kitambaa. "Klachi," akanong'ona. "Kanyaga klachi."

Katika vile vitatu hakuna kilichoandikwa klachi.

"Tanboi anasema nini?" Konstebo akauliza.

"Anaomba," nikasema.

Niliingiza ufunguo. Hilo nilikuwa nimeliona likifanywa. Nikauzungusha.

Lori likanguruma. Nje vigelegele vikapanda mpaka nikasikia vikirudi kutoka mlimani. Mama Awuor akafurahi, akataka kukaa vizuri ili aonekane dirishani. Akajigeuza. Paja lake likakisukuma kile chuma cha gia, kikalia krrrrr, kama mtu anayesaga mawe kwa meno.

Lori likaruka kama mbuzi. Halafu likaanza kwenda.

"Ero!" akasema Mama Awuor. "Anaenda!"

"Dereva," akasema Konstebo, "Kisumu iko nyuma."

"Nitageuzia mbele, afande," nikasema, na sijui sauti ile ilitoka wapi.

Mbele barabara ilikuwa inateremka. Mashamba ya mahindi yakapita. Kanisa likapita. Mzee mmoja aliyekuwa anavuka aliamua kutovuka. Kwenye kioo cha pembeni niliwaona wanawake wa Kisian wanakimbia nyuma yetu wanacheza, na kila nikitazama walikuwa wadogo zaidi.

"Klachi!" Dishon akapiga kelele kidirishani, hanong'oni tena. "Breki! Beldina, breki!"

Konstebo Walubengo akageuka akautazama ule uso. Akanitazama mimi. Nilimwona akikumbuka yote aliyoandika, ukurasa kwa ukurasa. Akavua kofia, akaiweka magotini.

"Binti," akaniuliza kwa sauti ndogo kuliko yangu, "breki si unaijua?"

Nikatazama tena vile vitu vitatu. Nyumbani kwetu tulilelewa kwa heshima: ukipokea, ukitoa, ukimsalimu mkubwa, na ukiwa huna hakika, tumia upande wa kulia.

Nikakanyaga cha kulia, kwa nguvu zangu zote, na lori likazidi kukimbia.